Kuifuata kokoto: siku sita kutoka Tegeta hadi Dodoma

Jumatatu, Tegeta na Kunduchi

Safari hii imetokana na mzigo uliorudishwa. Jumamosi iliyopita fundi mmoja wa Mbweni alikataa kupokea kokoto zangu, tipa zima, akasema zina kutu na zitamharibia zege. Alinionyesha vidoa vyekundu, vidogo kama punje za uwele, vimetapakaa kwenye jiwe. Nina miaka 17 nauza mchanga na kokoto hapa Tegeta, na vidoa vile nimeviona tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni nini, nami sikuwa na jibu. Mzigo ukarudi, nikamlipa dereva mafuta ya safari mbili.

Jioni yake mtoto wa kaka yangu alipita kuniamkia. Yuko mwaka wa tatu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anasoma jiolojia. Nikampa kokoto moja bila kumwambia kitu. Akaichovya kwenye ndoo ya maji, akaigeuzageuza juani, kisha akaniomba msumari. Akakwaruza kidoa kimoja kwa nguvu. Kingekuwa kutu kingetoa unga. Hiki hakikutoa kitu; msumari ndio uliolika, ukaacha mstari wa kijivu juu yake.

"Shangazi, hii ni gaineti. Kwenye jiwe la namna hii haizaliwi juu juu. Inapikwa chini, kilomita 30 na zaidi, kwenye mzizi wa mlima mkubwa."

"Mlima gani, baba?"

"Haupo tena."

Nilikaa na jibu hilo usiku kucha. Asubuhi nikampigia, nikamwambia apange safari, nauli na chakula juu yangu. Biashara nimemwachia binti yangu wiki nzima.

Leo amenileta Kunduchi kwanza, maana anasema huwezi kuielewa Lugoba, zilikochimbwa kokoto zangu, kabla hujaitazama pwani. Ni bamvua, maji yamekupwa mbali. Akachukua kijiti akachora mchangani: huku Afrika, kule Madagaska, katikati bahari. Kisha akafuta bahari kwa kiganja na kuisogeza Madagaska mpaka ikagusa Tanzania, Kenya na Somalia. Ndivyo vilivyokuwa, anasema, hadi karibu miaka milioni 170 iliyopita, bara lilipopasuka na Madagaska ikaanza kuteleza kwenda kusini. Tangu hapo pwani yetu ni ukingo wa bara uliotulia. Mito inaleta mchanga na tope, matumbawe yanajenga chokaa, na mzigo unarundikana baharini tabaka juu ya tabaka, unene wa kilomita kadhaa. Chokaa ya kilima cha Wazo, inayosagwa kuwa saruji ninayoiuza pembeni ya kokoto, ni matumbawe ya zamani ya bahari hii hii.

Nikamuuliza milima inaingiaje hapa, maana mbele yangu ni maji matupu.

"Inaanzia hapa hapa. Mkunjo mkubwa wa milima huanza kama ufukwe uliotulia, una mashapo na bahari mbele yake. Kisha bahari inafungwa."

Inafungwaje, ndiyo sehemu iliyonichukua muda kuielewa. Ganda la dunia limegawanyika vipande vikubwa, mabamba, na kila bamba linatembea sentimita chache kwa mwaka. Sakafu ya bahari ikizeeka hupoa na kuwa nzito, na mahali fulani hukatika na kuanza kuzama chini ya ukingo wa bara. Ikizama inatoa maji, maji yale yanaufanya mwamba wa juu yake uyeyuke, na volkano zinajipanga kando ya pwani. Andes za Amerika ya Kusini ziko kwenye hatua hiyo leo: sakafu ya Pasifiki inaingia chini yake na milima inanyanyuka kwa safu yenye urefu wa zaidi ya kilomita 7,000 kando ya pwani, hakuna bara lililoigonga. Lakini bahari ikimezwa yote, bara la ng'ambo nalo hufika, na bara ni jepesi, halikubali kuzama. Hapo vinasukumana. Mashapo yote ya ukingo, mchanga, tope, chokaa, yanakunjwa na kupandishwa moja juu ya jingine. India iliigonga Asia karibu miaka milioni 50 iliyopita, na mpaka leo kileleni Everest kuna chokaa yenye masalia ya viumbe wa baharini.

Hili nililielewa kwa greda. Kila nikiletewa mchanga mwingi, greda linausukuma kuelekea ukutani, na nimeona mara elfu jinsi mchanga unavyojirundika mbele ya koleo lake: nyuma mrefu, mbele mwembamba, ukipasuka na kujipandia wenyewe kadiri greda linavyosonga. Nilipomwambia akaruka. Anasema wanajiolojia huyapima mambo haya maabara kwa sanduku la mchanga na ubao wa kusukumia, ni kitu kile kile.

Kabla hatujaondoka, akaniomba nitazame mtumbwi mmoja uliokuwa kwenye maji ya kiuno, wavuvi wanateremsha samaki. "Angalia ubavuni, shangazi." Kila tenga lililoshushwa, ubao mmoja mweusi wenye mwani ulitokeza juu ya maji. Akasema niukumbuke. Mimi nikaokota kipande cha tumbawe, nikakitia mkobani.

Jumanne, Lugoba

Tumeondoka saa 10 alfajiri kwa tipa tupu la dereva ninayemtumia siku zote. Bagamoyo, tukauvuka Ruvu gizani, tukafika Msata kunapambazuka, tukakunja kusini. Njia nzima kutoka Dar huoni jiwe la maana, ni mchanga na mfinyanzi. Karibu na Lugoba ardhi inabadilika ghafla: mawe yanachomoza kwenye mashamba ya mihogo, meusi kwa mvua ya jana.

Miaka yote naagiza "za Lugoba" kwa simu na sikuwahi kufika machimboni. Msimamizi alitupa kofia ngumu na kutukalisha mbali mpaka baruti ilipopigwa. Vumbi lilipotua tukaruhusiwa kusogea kwenye ukuta wa mwamba uliokatwa upya, urefu wa ghorofa tatu.

Nieleze nilichokiona, kwa sababu nilisimama pale karibu saa nzima. Ukuta una mistari, mweusi na mweupe, mweusi na mweupe, mingine myembamba kama uzi na mingine mipana kama mkono. Mistari haikunyooka. Inakwenda, inapinda, inarudi juu yake yenyewe kama kitambaa kilichobanwa mlangoni. Mahali pamoja, usawa wa kifua changu, mkunjo umekunjwa tena: nilipitisha kidole kwenye mstari mweupe mmoja, nikauzungusha kona tatu bila kuuacha, na kidole kikarudi karibu na kilipoanzia. Gaineti ziko kwenye mistari myeusi, na kila moja imezungukwa na kigozi chembamba cheupe.

Mwamba huu huitwa naisi. Mistari, anavyonieleza mwanangu, ni madini yaliyojipanga upya yakiwa yamebanwa kwa joto la nyuzi mia kadhaa. Mawe hayakuyeyuka yakawa uji. Yalilainika tu, yakatiririka taratibu mno yakiwa bado mawe. Mistari mipana myeupe ni pale joto lilipozidi na sehemu ya mwamba ikaanza kuyeyuka kweli, kisha ikaganda ilipo. Kwenye mwamba wa namna hii, huku Lugoba na kule Uluguru, Usambara na Pare, joto lilifika karibu nyuzi 800, na gaineti na madini wenzake yanaonyesha mgandamizo wa kina cha kilomita 30 hadi 40.

Ndipo aliponirudisha kwenye mtumbwi. Mabara mawili yakigongana, ganda linapandana na kuwa nene maradufu. Chini ya Himalaya na Tibet leo ni kilomita 70 hivi. Ganda hilo linaelea juu ya mwamba mzito wa chini yake. Mlima unaouona ni ule ubavu mdogo ulio juu ya maji. Sehemu kubwa imezama, nayo ndiyo mzizi. Mvua na mito inapoushusha mlima, mzigo unapungua na mzizi unainuka, kama ule ubao wenye mwani. Mlima mwenyewe nao, ukishakuwa mrefu na wa moto kupita kiasi, husambaa pembeni kwa uzito wake. Ukikata kilomita moja juu, mzizi unapanda karibu kiasi hicho. Endelea hivyo kwa miaka milioni mia kadhaa na kilichokuwa kilomita 35 chini kinafika kwenye shamba la mihogo, mtu anakitegea baruti, na mimi nakiuza Tegeta.

Niligusa ule ukuta kwa kiganja chote. Ulikuwa wa baridi na una unyevu. Mama lishe mmoja aliyekuwa akiwapelekea vijana chai aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano, Morogoro

Siku ya mwendo. Kosta hadi Chalinze, basi jingine hadi Morogoro, jua kali na viti vimebana. Uluguru ulianza kuonekana kama wingu la buluu upande wa kushoto, na nikafurahi, nikamwambia mwanangu: basi mlima wako bado upo.

Akakataa. Uluguru tunaouona, wenye kilele cha Kimhandu kinachopita mita 2,600, si mlima uliokunjwa na mgongano. Mwamba wake ni mzizi ule ule wa Lugoba. Umbo lake la leo limetoka kwenye nyufa: baada ya mkunjo wa zamani kusagika, bara lilianza kuvutwa, ardhi ikakatika, upande mmoja ukadidimia na mwingine ukabaki juu. Huko ulikodidimia ndiko kwenye nyanda za Mkata tutakakopita Ijumaa. Kwa hiyo ni jiwe la zamani lililosimamishwa upya. Watu wengi huchanganya umri wa mwamba na umri wa mlima, hata vitabuni nimekuta sentensi zinazochanganya, na nadhani ndiyo sababu hadithi hii haijulikani: tunauona Uluguru, tunaridhika.

Usiku, kwenye nyumba ya wageni, nilimuuliza nani aliyegundua yote haya. Akanitajia Arthur Holmes, Mwingereza aliyekuja Msumbiji mwaka 1911 akiwa kijana, kutafuta madini, akaugua malaria vibaya sana. Ni miongoni mwa watu wa kwanza kuupima umri wa mawe kwa urani. Kuna kijipunje kigumu kiitwacho zirkoni, kidogo kuliko chembe ya chumvi, ambacho kikizaliwa hufungia urani ndani yake na kuikataa metali ya risasi. Urani hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani 238 huchukua miaka karibu bilioni 4.5. Hesabu risasi iliyomo, unapata umri. Mwaka 1951 Holmes aliupa jina ukanda mzima wa miamba hii ya Afrika Mashariki: Ukanda wa Msumbiji. Leo unajulikana kuwa kipande cha mkunjo mrefu zaidi unaoanzia Uarabuni na Misri na kushuka mpaka Msumbiji na Madagaska. Upande wa mashariki mwa Tanzania zirkoni na wenzake hutoa umri unaozunguka miaka milioni 640. Bahari iliyofungwa hapo nayo imepewa jina, Bahari ya Msumbiji. Haina tone la maji lililobaki.

Alhamisi, Matombo

Tulipanda gari la asubuhi, tukapita Kiroka na Mkuyuni. Barabara inapinda na mlima, chini yake migomba, juu yake ukungu. Mkuyuni tulishuka kidogo gari likibadilishwa tairi, nikateremka mtoni nikajaza chupa ya maji ya lita moja na nusu. Yalikuwa mekundu ya kahawia kwa mvua ya usiku. Hili ndilo chimbuko la maji ya Dar es Salaam: vijito vya Uluguru vinauzaa Ruvu, na Ruvu ndio ninaochota bombani Tegeta.

Matombo wanachimba yakuti nyekundu. Mwenyeji wetu ni mzee anayechimba na wanawe wawili, shimo lao lina ngazi ya miti. Alitupokea vizuri, akatutengea mkeka chini ya mwembe, na mkewe akatuletea ndizi za kupika na samaki mkavu. Kisha akatoa bonge la jiwe jeupe, kubwa kama mkate, linalometameta kama sukari ya mawe. Marumaru. Si vigae vya sakafuni ambavyo nasi tunaviita hivyo, marumaru yenyewe. Ndani yake kulikuwa na chembe moja ya yakuti, waridi iliyoiva, ndogo isiyofaa kuuzwa, na vipande vyembamba vyeusi vinavyoacha doa kidoleni.

Mwanangu aliniomba lile tumbawe la Kunduchi. Akachukua nusu ya ndimu iliyobaki kwenye sahani, akakamulia juu ya tumbawe. Likatoa povu, vitone vidogo vikichemka bila moto. Akakwangua marumaru kwa kisu mpaka ukapatikana unga wa kujaza ukucha, akakamulia ndimu. Povu. Hafifu kuliko la kwanza, lakini povu lile lile, na ukiinamisha sikio unalisikia.

"Kitu kimoja, shangazi. Chokaa ya bahari. Hii ya mzee imepelekwa chini na kurudishwa."

Mzee alitaka kujaribu mwenyewe, akajaribu mara tatu. Maisha yake yote amechimba jiwe hilo, na alikuwa akisikia kwamba ni jiwe la moto, la volkano. Nilimwona amekaa kimya, ndimu mkononi. Halafu akaonyesha yale madoa meusi: na haya?

Hayo ni kinywe. Ndiyo inayopatikana pia Mahenge na Merelani, na ni kaboni tupu. Tope la sakafu ya bahari ile lilikuwa na mabaki ya viumbe, vijidudu na mwani, maana wanyama wa kuonekana kwa macho walikuwa bado hawajaenea. Mlima ulipowafunika, mabaki yao yakapikwa mpaka kikabaki hiki chenye kuchafua kidole. Yakuti nayo imetokana na uchafu wa mfinyanzi uliokuwamo ndani ya chokaa: alumini ya mfinyanzi ilipopikwa, pakiwa na chembe ya kromi ya kuipa rangi, ikawa jiwe la thamani. Tanzanaiti ya Merelani, iliyojulikana mwaka 1967, imo katika ukanda huu huu na rangi yake inatokana na vanadi, ambayo tope jeusi lenye kaboni huikusanya kwa wingi.

Kwangu hii ndiyo siku kubwa kuliko zote. Lugoba niliona nguvu ya mlima. Hapa nilishika pwani yenyewe, ufukwe wa kabla ya mgongano, chokaa yake na uhai wake, ukiwa kwenye goti langu chini ya mwembe. Mtu akiniuliza ushahidi wa bahari iliyofungwa uko wapi, nitamwelekeza Matombo, aende na ndimu.

Mzee alikataa hela ya chakula. Alinipa kipande cha marumaru, nami nikamwachia tumbawe langu, akalifunga kwenye leso.

Ijumaa, Morogoro hadi Dodoma

Treni ya SGR kutoka Kihonda. Nilikaa dirishani tangu mwanzo na sikutoka.

Nyanda za Mkata zilipita upesi, tambarare kama meza. Hapo ndipo ardhi ilipodidimia. Baada ya Kilosa reli inaingia milimani, mahandaki, giza, mwanga, giza tena, kisha bonde la mto Mkondoa limetufuata upande mmoja. Hii ni njia ya siku nyingi. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita bonde hili kuelekea Mpwapwa na Ugogo, na Wajerumani, reli yao ilipofika Morogoro mwaka 1907, waliendelea kwa kulifuata hilo hilo. Mwamba wenyewe umewaamulia pa kupita.

Milima hii ya Usagara ndiyo iliyompa mwanangu kazi ya kunieleza, maana hapa mambo yanarudi nyuma zaidi. Tukitoka pwani tumekuwa tukipita kwenye mawe yaliyopikwa miaka milioni 640 iliyopita, na kadiri unavyokwenda magharibi kuna yaliyopikwa baadaye, karibu milioni 550, mgongano wa mwisho mwisho wa kuliunganisha bara kubwa la Gondwana. Wanajiolojia wanabishana kama ilikuwa migongano miwili au mmoja uliochukua muda mrefu. Lakini katika ukanda wa Usagara kuna mawe yaliyokwisha kuwa milima kabla ya hapo. Mwaka 1995 wataalamu walitangaza kwamba wamepima humu mwamba uitwao eklojaiti, wenye umri wa miaka bilioni 2. Eklojaiti ni lava ya namna ya sakafu ya bahari iliyozamishwa chini zaidi ya kilomita 45 na kuwa jiwe zito la kijani lenye gaineti nyekundu. Popote inapopatikana inaashiria kwamba kitu kilizama. Ni katika eklojaiti za kale zaidi zinazojulikana duniani.

Kwa hiyo ukingo mmoja wa bara umejengewa milima mara mbili. Bara lenyewe ni hili tunaloliingilia: baada ya Gulwe milima inaachia, mibuyu inaanza, na Ugogo unafunguka mpaka macho yanachoka. Mara ya kwanza bahari ilifungwa ukingoni pake, miaka bilioni 2 iliyopita. Milima ikaisha. Ukingo ukapasuka, bahari nyingine ikafunguka mashariki yake, mashapo yakarundikana tena, nayo ikafungwa. Milima ikaisha tena. Kisha Gondwana ikapasuka, Madagaska ikaondoka, na hii Bahari ya Hindi tunayoogelea Kunduchi ikaingia. Kupasuka hutokea karibu na mshono wa zamani, kama nguo inavyochanika karibu na pindo.

Dodoma tumefika mchana. Jina linasemekana limetokana na neno la Kigogo la kuzama, tembo aliyezama topeni. Vilima vya graniti vinavyouzunguka mji, mawe ya duara yaliyokaa juu ya mengine, havina mikunjo ya Lugoba. Umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Chini ya hapa bara lina mzizi mnene, mgumu na wa baridi, na milima ya mara zote mbili iliishia mlangoni pake. Hata Bonde la Ufa, likishuka kutoka Ethiopia, linapofika hapa linagawanyika mikono miwili na kupita pembeni, mmoja mashariki na mwingine magharibi.

Jioni tulipanda kilima kimoja. Niliweka mkono kwenye graniti iliyokuwa bado na joto la jua. Nikatoa kokoto yangu, ile iliyokataliwa, nikailaza juu yake. Hazifanani hata kidogo.

Jumamosi, kurudi Dar es Salaam

Treni ya asubuhi. Nimelala mpaka Morogoro. Tulipovuka Ruvu niliamka kwa sababu nilimwomba mwanangu aniamshe. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chupa yangu.

Karibu na Pugu alinionyesha vilima vilikochimbwa kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo. Naisi za bara zina madini mengi yaitwayo felspa, na felspa ikioza kwa mvua na joto hugeuka udongo huo. Mito ya zamani iliubeba ikautua hapa pamoja na mchanga. Basi hata kilima cha Pugu ni mlima ule, umesagwa.

Tegeta saa 8 mchana. Fundi wa Mbweni alikwisha kununua kwingine. Binti yangu ameuza nusu ya mzigo wake kwa mtu wa Bunju anayejenga kisima, na hesabu iko sawa. Mwanangu amekwenda zake Mlimani na mkoba wa mawe unaomlemaza bega.

Jumatatu, Tegeta

Naongeza haya kwa sababu ya ile chupa. Kwenye gari na treni ilikuwa ikitikisika, haikutulia. Juzi niliiweka dirishani ofisini, kati ya marumaru ya Matombo na kokoto yenye gaineti, nikaisahau. Leo asubuhi jua limeipiga. Maji ya juu yameanza kuwa meupe. Chini kabisa kuna mchanga, unene wa kidole kidogo, punje kubwa zimetangulia kutua. Juu yake mchanga laini zaidi, na juu kabisa tope jekundu lililolala sawasawa. Kwenye mpaka wa mchanga na tope kuna ulanga, vijimagamba vyembamba, vimetua kimoja kimoja na vinameremeta ukiinamisha kichwa.

Nimewakataza watoto wasiiguse.